Nyumba na mashamba ya kale ya Kaunti ya Albemarle, Virginia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wageni wanaopita Virginia, na kwa wenyeji wapya wa Charlottesville, wakiwemo ndugu zetu wengi waliotoka Kongo, ambao kila wakipata mgeni huulizwa, "Twende kuona nini?"

Albemarle ni wapi? Si ndiyo hiyo hiyo Charlottesville?

Siyo, ingawa kosa hilo ni la kila mtu. Albemarle ni kaunti ya katikati ya Virginia, chini ya milima ya Blue Ridge. Charlottesville imezungukwa na Albemarle pande zote, lakini kisheria haimo ndani yake, kwa kuwa miji ya Virginia yenye hadhi kamili hujitegemea na haihesabiwi katika kaunti yoyote. Ndiyo maana unaweza kuwa katikati ya malisho ya ng'ombe, anwani ya posta inasema Charlottesville, na kodi ya ardhi inalipwa Albemarle.

Kaunti ilianzishwa mwaka 1744. Ilipewa jina la bwana mmoja wa Uingereza, Earl wa Albemarle, aliyekuwa gavana wa Virginia kwa cheo tu: mshahara alipokea, Virginia yenyewe hakuwahi kuikanyaga.

Kwa nini kaunti moja ya shamba ina majumba mengi ya wakubwa?

Kwa sababu ya tumbaku, ardhi ya kupewa, na watu waliotumikishwa bila ujira.

Tumbaku huchosha udongo haraka. Familia tajiri zilizokuwa karibu na pwani ya Virginia zilihitaji mashamba mapya kila baada ya miaka michache, na kuanzia miaka ya 1730 serikali ya kikoloni ikagawa vipande vikubwa vya ardhi huku juu. Baba yake Thomas Jefferson, Peter, alikuwa mmoja wa waliopata. Shamba lake liliitwa Shadwell, na Thomas alizaliwa hapo mwaka 1743. Nyumba hiyo iliungua mwaka 1770.

Waliofika na ardhi walifika na watumwa, na watumwa ndio waliofyeka msitu, wakafyatua matofali, wakapanda na kuvuna. Kufikia sensa ya mwaka 1860 zaidi ya nusu ya wakazi wote wa Albemarle walikuwa watumwa. Shika hilo moja kabla ya kuingia kwenye jumba lolote humu, maana nguzo nyeupe zitajaribu kukusahaulisha.

Marais wawili waliishi hapa: Jefferson, wa tatu, na James Monroe, wa tano. Wa nne, James Madison, alikuwa jirani tu, Kaunti ya Orange, kwenye shamba la Montpelier.

Nina siku moja tu. Nianzie wapi?

Wengi watakuambia Monticello, jumba la Jefferson. Mimi nasema anza asubuhi na River View, shamba la Hugh Carr, kaskazini kidogo ya Charlottesville, ndipo mchana uende Monticello. Ukianza na Monticello utarudi umeshiba habari za mtu mmoja mkubwa, na jioni hutakuwa na hamu ya kuona banda la mkulima.

Na popote utakapofika, pitia uani kabla ya sebuleni. Sebule ilitengenezwa ili mgeni aone kile mwenye nyumba alichotaka kionekane. Jiko, ghala, zizi na vibanda vya wafanyakazi havikutengenezwa kwa ajili ya macho ya mgeni, na kwa sababu hiyo vina mengi ya kusema.

Hugh Carr ni nani?

Alizaliwa utumwani Albemarle, miaka ya 1840. Uhuru ulipokuja mwaka 1865 hakuwa na ardhi wala elimu ya darasani. Miaka mitano baadaye, mwaka 1870, alianza kununua ardhi karibu na kijito cha Ivy Creek. Aliendelea kuongeza kipande kwa kipande, na miaka ishirini hivi baada ya kuanza alikuwa na ekari zaidi ya 100. Kwa mtu mweusi wa Virginia ya wakati ule, ambako waliokuwa watumwa wengi waliishia kulima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba na kubaki na madeni, hilo halikuwa jambo dogo.

Yeye na mkewe Texie walizaa watoto saba, wasichana sita na mvulana mmoja. Walisomeshwa, na kadhaa wakawa walimu. Binti mkubwa, Mary Carr Greer, alifundisha kwenye Albemarle Training School, shule iliyowapa watoto weusi elimu ya kupita ile ya msingi wakati kaunti ilipowatenga kwa rangi, kisha akawa mwalimu mkuu kuanzia 1931 hadi 1950. Leo kuna shule ya msingi Albemarle yenye jina lake.

Mume wa Mary, Conly Greer, alikuwa bwana shamba wa kwanza mweusi wa kaunti. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa wakulima weusi akiwaelekeza kilimo bora, ufugaji, na hifadhi ya mavuno. Ghala kubwa unaloliona River View alilijenga yeye miaka ya 1930, liwe la kutumia na pia la kuonyesha: wakulima waje watazame, wakajenge la namna hiyo kwao. Ingia ndani ukiweza. Tazama mahali pa wanyama chini na mahali pa nyasi kavu juu, namna chakula kinavyoshuka bila mtu kubeba. Hiyo ni akili ya mtu aliyefikiria mgongo wa mkulima.

Mary alifariki mwaka 1973. Ardhi ilikuwa njiani kugeuzwa mtaa wa nyumba mpya, watu wakapinga, na sasa ni hifadhi iitwayo Ivy Creek Natural Area, yenye njia za kutembea msituni. Hakuna kiingilio. Nyumba ya familia, ghala na makaburi ya akina Carr na Greer bado vipo.

Monticello kuna nini cha kutazama zaidi ya nyumba iliyo kwenye sarafu?

Ndiyo hiyo kweli, iko nyuma ya sarafu ya senti tano ya Marekani tangu 1938. Jefferson alianza ujenzi mwishoni mwa miaka ya 1760, akabomoa, akajenga upya, akaongeza kuba, na hakutulia kwa miaka arobaini. Tangu 1987 Monticello, pamoja na Chuo Kikuu cha Virginia alichokiasisi, vimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Ndani utaonyeshwa saa kubwa inayoonyesha na siku za juma kwa uzito unaoshuka ukutani, vitanda vilivyochongewa ndani ya ukuta, na milango miwili inayofunguka pamoja ukisukuma mmoja. Vyote vinafurahisha. Lakini toka nje usimame kwenye Mulberry Row, njia iliyopandwa miforosadi kando ya jumba. Hapo ndipo palikuwa na karakana za wahunzi na maseremala na vibanda vya familia za watumwa, majengo zaidi ya 20 kwa nyakati tofauti. Mwaka 1794 Jefferson alifungua karakana ya misumari. Waliopiga misumari hiyo walikuwa wavulana wa miaka kumi na kuendelea, na yeye mwenyewe alikuwa akihesabu kila mtoto ametoa misumari mingapi kutoka chuma kiasi gani. Huyo ndiye aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa.

Katika maisha yake alimiliki watu zaidi ya 600. Aliowapa uhuru rasmi, akiwa hai na kwa wosia, ni saba.

Bustani ya mboga nayo isikupite: tuta moja lililosawazishwa kwenye ubavu wa mlima, urefu wa mita 300 hivi. Wanaopenda mbegu za kale wajue kuna kituo cha mimea ya kihistoria kwenye Tufton, mojawapo ya mashamba yake ya pembeni.

Ni kweli Jefferson alizaa na mtumwa wake?

Ndiyo. Aliitwa Sally Hemings, na alikuwa ndugu wa baba mmoja na marehemu mke wa Jefferson. Watoto wanne walikua hadi utu uzima: Beverly, Harriet, Madison na Eston. Madison alieleza habari hizo mwenyewe kwenye gazeti la Ohio mwaka 1873: kwamba mama yake alikuwa Paris na Jefferson, angeweza kudai uhuru wake kwa sheria za Ufaransa, na alikubali kurudi Virginia baada ya kuahidiwa kuwa watoto wake watakuwa huru wakifikisha miaka 21. Kwa zaidi ya karne wanahistoria wengi walimpuuza. Mwaka 1998 vipimo vya vinasaba vilionyesha uhusiano kati ya kizazi cha Eston na ukoo wa kiume wa akina Jefferson, na taasisi inayotunza Monticello ikakubali mwaka 2000. Tangu 2018 kuna chumba cha maonyesho kuhusu Sally kwenye ubawa wa kusini.

Neno "uhusiano wa mapenzi" bado hutumiwa na baadhi ya watu. Msichana alikuwa kwenye ujana wake, ni mali ya mtu huyo kisheria. Siwezi kulitumia.

Watumwa hao walitoka sehemu gani ya Afrika? Kuna wa kwetu?

Wengi walioletwa Virginia walitoka Afrika Magharibi, hasa Senegambia na eneo la Waigbo, na wengine upande wa Angola. Meli chache zilileta watu kutoka Madagascar karibu na mwaka 1720. Kufikia wakati wa Jefferson mtu mzima, wengi wa watumwa wa Albemarle walikuwa wamezaliwa Virginia, wazazi na hata mababu wakiwa wa hapo hapo.

Baada ya Jefferson kufa mambo yalikuwaje?

Alikufa tarehe 4 Julai 1826 akiwa na madeni ya zaidi ya dola 100,000. Januari 1827 watu 130 waliwekwa mnadani hapo hapo Monticello, pamoja na ng'ombe, samani na zana za kilimo. Fikiria habari ya mhunzi Joseph Fossett. Wosia ulimpa uhuru yeye. Mkewe Edith, aliyekuwa mpishi mkuu wa jumba, na watoto wao hawakutajwa, na wakauzwa. Joseph akatumia miaka iliyofuata kuwakomboa kwa pesa mmoja baada ya mwingine. Mtoto wao Peter, aliyeuzwa akiwa na miaka 11, hatimaye alipata uhuru, akawa mchungaji Cincinnati, na mwaka 1900, mzee, akarudi kuitembelea Monticello.

Jumba lenyewe lilinunuliwa miaka ya 1830 na Uriah Levy, afisa Myahudi wa jeshi la majini. Yeye, na baadaye mpwa wake Jefferson Monroe Levy, ndio waliolitunza karibu miaka 90, hadi taasisi iliponunua mwaka 1923. Mama yake Uriah, Rachel, amezikwa hapo kando ya Mulberry Row. Kwa muda mrefu waongozaji wa watalii walimpita bila kusema neno.

Nilifika Highland nikakuta nyumba ndogo tu. Rais Monroe aliishi humo?

Hakuishi humo. Kwa miaka mingi wageni waliambiwa kuwa jengo hilo ndilo nyumba ya Monroe, na kwamba rais huyo alikuwa mtu wa maisha ya kawaida. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kuwa lile ni jengo la wageni, lililojengwa karibu na 1818. Pete za mbao zake ndizo zilizotoa siri. Misingi ya nyumba kubwa yenyewe, iliyoungua zamani, ilikuwa chini ya nyasi palepale uani.

Highland sasa ni mali ya Chuo cha William & Mary. Wana baraza la wazao wa watumwa wa shamba hilo linaloshauri namna ya kusimulia historia yake. Monroe akibanwa na madeni aliuza watu kwa shamba la Casa Bianca, Florida, mwaka 1828. Wengine walibaki Albemarle, na vizazi vyao bado wanaishi jirani.

Wataalamu wanajuaje nyumba ni ya mwaka gani?

Kwa mbao kwanza. Mti huongeza pete moja kila mwaka, nene mwaka wa mvua, nyembamba mwaka wa ukame, na mpangilio huo hulinganishwa na rekodi ya miti mingine ya eneo. Pete ya mwisho chini ya gome ikiwepo, mwaka wa kukatwa mti hujulikana.

Misumari nayo husema. Ya kufuliwa kwa mkono, kichwa kikiwa na alama za nyundo, kwa kawaida ni ya karne ya 18. Ya kukatwa kwa mashine kutoka bamba la chuma ilienea karne ya 19, na ile ya waya, ya mviringo tunayoijua, ilishika soko mwishoni mwa karne hiyo. Tazama pia alama za msumeno: mistari iliyonyooka ni ya msumeno wa kwenda juu na chini, na mistari iliyopinda kama upinde ni ya msumeno wa duara, uliokuja baadaye. Juu ya hayo kuna hati za ardhi, vitabu vya kodi vya Virginia tangu 1782, na bima za moto zenye michoro ya majengo.

Ushauri wangu: mtu akikuambia nyumba yake ni ya "1740" kwa sababu bibi yake alisema hivyo, mpe chai, halafu panda darini ukaangalie misumari.

Mbona jiko liko mbali na nyumba?

Moto, joto na harufu, hiyo ndiyo sababu inayotajwa. Sababu ya pili ni kwamba waliopika walikuwa watumwa, na wenye nyumba walitaka chakula kionekane, mpishi asionekane. Monticello ilifika mbali zaidi: jiko liliwekwa chini ya sakafu ya nje, chakula kikapita njia ya chini kwa chini.

Kuna tofaa la Albemarle. Habari yake ikoje?

Hiyo ni Albemarle Pippin, tofaa la kijani lenye uchachu, linalokuwa tamu zaidi likikaa ghalani hadi baada ya Krismasi. Asili yake ni New York, ambako huitwa Newtown Pippin. Inasemekana Dakta Thomas Walker wa shamba la Castle Hill ndiye aliyeleta vikonyo vyake Albemarle katikati ya karne ya 18, na miteremko ya hapa ikayapenda. Andrew Stevenson, balozi wa Marekani Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1830, ambaye mkewe alitoka Albemarle, aliyapeleka kwa Malkia Victoria. Malkia aliyapenda, na husimuliwa kuwa ushuru wake ukaondolewa. Maeneo ya Crozet bado yana bustani za matofaa na mapichi. Nenda Septemba au Oktoba.

Nimesikia Rais Theodore Roosevelt naye alikuwa na nyumba hapa.

Kibanda tu, Pine Knot, karibu na Keene, kusini mwa kaunti. Mkewe Edith alikinunua mwaka 1905. Hakikuwa na umeme wala maji ya bomba. Mwaka 1907 Roosevelt alisema aliona hapo kundi la njiwa wa msafara, ndege ambao baada ya miaka michache walitoweka duniani.

Naona jumba zuri la kale barabarani. Naweza kuingia?

Usiingie. Mengi ni makazi ya watu, likiwemo Castle Hill. Kibao cha historia cha barabarani kinakuruhusu kusoma, hakikuruhusu kupita geti. Subiri Aprili: tangu 1929 vyama vya bustani vya Virginia huwa na juma la kufungua nyumba na bustani za watu binafsi kwa tiketi, na Albemarle huwemo.

Nyumba ikiandikwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria, haiwezi kubomolewa?

Inaweza. Orodha hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya 1966, ni heshima na kinga dhidi ya miradi ya serikali kuu isiyofikiria. Haimfungi mikono mwenye mali binafsi anayetumia pesa zake. Faida kubwa ni nafuu ya kodi kwa anayekarabati kwa kufuata viwango: asilimia 20 ya gharama kutoka serikali kuu kwa majengo ya biashara au ya kupangisha, na jimbo la Virginia lina yake.

Kinachofunga kweli ni mkataba wa hifadhi. Mwenye shamba anaandika kwa hiari yake kwamba ardhi haitakatwa viwanja, na mkataba unafuata ardhi hata ikiuzwa. Albemarle ina mashamba mengi ya namna hiyo, ndiyo maana bado unaona malisho karibu sana na mji. Wasemao kuwa mikataba hii huwapa matajiri nafuu ya kodi huku vijana wakikosa pa kujenga wana hoja, na jibu lake sijalisikia bado.

Rafiki yangu Mmarekani mweusi anadhani ukoo wake ulitoka hapa. Aanzie wapi?

Sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika walioachiwa huru wote kwa majina. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa kwa umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki. Kwa hiyo kabla ya 1870 lazima amtafute mmiliki: wosia, orodha za mali za marehemu, hati za mauzo, zote ziko kwenye kumbukumbu za mahakama ya kaunti. Monticello ina mradi uitwao Getting Word, ulioanza 1993, unaokusanya simulizi za wazao wa watumwa wake.

Akigundua kaburi la ukoo liko ndani ya shamba la mtu, sheria ya Virginia inampa mzao haki ya kulizuru baada ya kutoa taarifa. Mara nyingi hakuna jina kaburini, ni jiwe la shambani lililosimamishwa tu.

Mambo madogo ya safari?

Tiketi ya Monticello nunua mapema kwa intaneti. Basi dogo hukupandisha mlimani. Kushuka tembea, upite makaburi ya akina Jefferson, na ukifika chini tafuta makaburi ya watumwa karibu na maegesho. Ivy Creek hawaruhusu mbwa. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu wa huku hautoki kwenye viatu vyeupe, kwa hiyo vaa vya kazi.